Tazama Nyuma, Mdogo Wangu

Novemba 1939 kijana wa miaka 23, mrefu wa kukaribia mita mbili, aliondoka Dar es Salaam kwa gari dogo aina ya Ford Prefect kwenda Nairobi kujiandikisha kuwa rubani wa vita. Alipofika Mto Wami hakukuta daraja. Gari lilipandishwa juu ya chelezo, na wanaume sita waliokuwa ng'ambo wakashika kamba, wakaanza kuvuta huku wakiimba. Katikati ya mto mkondo ulizidi nguvu, chelezo kikaanza kwenda na maji, naye amekaa ndani ya gari akiwatazama mamba. Kijana huyo ni Roald Dahl, aliyekuja kuwa mwandishi maarufu wa hadithi za watoto, na kisa hicho amekisimulia mwenyewe katika kitabu chake cha mwaka 1986, Going Solo.

Wami ni mto wetu. Unapita katika halmashauri ya Chalinze na kuingia baharini jirani na Saadani, na kila basi linalotoka Chalinze kwenda Segera, Tanga, Moshi au Arusha lazima liuvuke. Ninamtaja Dahl kwa sababu ya yaliyompata baada ya kuuvuka.

Nairobi alifundishwa kurusha Tiger Moth, ndege ya mafunzo yenye mabawa ya juu na ya chini, akaruka peke yake baada ya saa 7 na dakika 40 za mafunzo. Kutoka hapo akapelekwa Habbaniya, Iraq, kwa miezi kadhaa. Septemba 1940 akakabidhiwa ndege ya kivita aina ya Gladiator aipeleke kwenye Kikosi namba 80 katika jangwa la Misri. Hakukiona kiwanja alichoelekezwa, jua likawa linazama na mafuta yanakwisha, akaiangusha ndege jangwani na kupasuka fuvu. Aprili 1941, baada ya kupona, alipelekwa Ugiriki kupigana kwa Hurricane, ndege ambayo alikuwa ameirusha kwa saa chache tu. Katika muda wote huo, ameandika, hakuna aliyemkalisha chini kumfundisha namna ya kupigana na ndege nyingine. Somo la kwanza alilipata hukohuko vitani, kwa rubani mwenzake aitwaye David Coke, aliyemweleza mambo ya msingi kabla hajaingia kwenye mapambano yake ya kwanza. Kati ya vijana 16 waliojifunza pamoja Nairobi, 13 waliuawa ndani ya miaka miwili.

Leo kijana wa Chalinze mwenye kompyuta ya mtumba iliyonunuliwa Kariakoo anaweza kuyapata mafunzo ambayo Dahl hakuyapata, kwa jioni chache, bila kumwaga damu ya mtu. Zipo gemu za kurusha ndege za kivita zinazofuata kanuni za anga kwa ukaribu mkubwa: ndege ina uzito, bawa lina kikomo, risasi inachukua muda kufika. Ila nimeona vijana wengi wanaingia kwenye gemu hizi kama Dahl alivyoingia vitani. Wanachagua ndege kali kuliko zote, wanamkimbilia adui wa kwanza wanayemwona, wanavuta usukani mpaka mwisho, na ndani ya dakika mbili wako chini. Wakirudia mara tano wanasema gemu ni ngumu, wanarudi kwenye mpira. Inaniuma, kwa sababu walichokikosa ni maelezo ya jioni moja tu.

Tuanze na vifaa, kwa ufupi. Mwenye mashine dhaifu atafute IL-2 Sturmovik: 1946, iliyotoka mwaka 2006. Ni nyepesi, ina ndege nyingi za Vita Kuu ya Pili, zikiwemo Gladiator na Hurricane alizoruka nazo Dahl, na ukishaipakia hudaiwi bando ili kupigana na marubani wanaoendeshwa na kompyuta. War Thunder ni ya bure, inachezwa kwenye kompyuta na kwenye PlayStation, ila inahitaji intaneti muda wote. DCS World nayo unaipata bure pamoja na ndege mbili, na ndiyo inayofuata uhalisia kuliko zote, lakini inataka mashine yenye nguvu kwelikweli. Kama huna jostiki, tumia pedi ya PlayStation kabla ya kufikiria kibodi. Kitufe cha kibodi hakijui kuvuta kidogo: ama umevuta chote ama hukuvuta. Na kuvuta kidogo ndiyo nusu ya kazi yenyewe.

Jioni za mwanzo usipige risasi hata moja. Paa, nyoosha ndege, geuka kushoto, geuka kulia, tua. Kisha panda mita 2,000, punguza moto wa injini, inua pua taratibu na uache kasi ishuke mpaka ndege itetemeke na kuanguka. Fanya hivyo kwa makusudi, tena na tena. Ikianguka, mkono wako utataka kuvuta zaidi ili pua iinuke. Ukatae. Legeza usukani, acha pua ishuke, rudisha kasi, kisha nyoosha kwa upole. Ikiwa imeanza kujizungusha kama pia, rudisha moto wa injini chini, kanyaga pedali ya upande ulio kinyume na mzunguko na usukume usukani mbele mpaka itulie. Anayeruka hatua hii ataifundishwa na adui, naye adui hafundishi mara mbili.

Sasa tuje kwenye kiini, na hapa nitakaa kidogo.

Waliopita njia ya Segera miaka ya nyuma wanalikumbuka daraja la zamani la Wami. Barabara ilishuka kwa mteremko mkali hadi darajani, daraja lenyewe jembamba la gari moja kwa wakati, kisha mlima wa upande wa pili. Lori lililokuta njia wazi lilivuka na mwendo wake na kuupanda mlima nao. Lililosimama kupisha lenzake liliuanza mlima kwa gia nzito, injini ikilia, likipanda kama linatambaa. Injini ileile, mzigo uleule. Tofauti ni mwendo uliopotea pale chini. Ndege ya kivita inaishi kwa hesabu hiyo. Kimo ulichonacho ni kasi uliyoiweka akiba, na kasi uliyonayo ni kimo unachoweza kukirudisha. Ndege inayokwenda kilomita 400 kwa saa ina mwendo wa kutosha kuipandisha mita 630 hivi hata injini ikizimwa, ukiacha ukinzani wa hewa. Ikiwa inakwenda 200, mwendo wake unatosha mita 160 tu. Nusu ya kasi, robo ya mlima.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza ndege gani ina bunduki kali, uliza nani yuko juu na nani ana kasi. Aliye juu na mwenye kasi ndiye anayeamua pambano lianze lini na liishe lini. Aliye chini na mwenye mwendo mdogo anangoja kuamuliwa.

Kinachokula kasi kuliko kitu chochote ni kona. Ukilaza ndege kwa nyuzi 60 na kugeuka bila kushuka, mabawa yanabeba uzito mara mbili ya kawaida. Ukivuta zaidi, yanabeba mara tatu, mara nne. Kila yanapobeba zaidi, kasi ya chini kabisa ambayo ndege inaweza kukaa nayo hewani inapanda. Ndege inayoanguka ikishuka chini ya kilomita 120 kwa saa wakati imenyooka, ukiivuta mpaka ibebe uzito mara nne itaanguka ikiwa na kilomita 240. Mchezaji mgeni haelewi, anaona kasi bado ipo na ndege inaanguka. Na ukiendelea kuvuta ukiwa na kasi kubwa, kioo kinaanza kuwa cheusi pembeni, kwa sababu gemu inakuonyesha damu ikiondoka kichwani mwa rubani.

Nimekaa nyuma ya kijana mmoja hapa Chalinze, feni inazunguka, laptopu imewekwa juu ya vipande viwili vya tofali ili ipate hewa kwa chini. Alikuwa na Hurricane, adui ana Fiat CR.42 ya Italia. CR.42 ina mabawa ya juu na ya chini, nyepesi, inageuka kwenye kiduara kidogo sana. Hurricane inaizidi mbio kwa mbali, lakini kwa kugeuka haiiwezi. Kijana akaingia nyuma ya mkia wake vizuri, Mwitaliano akakata kona kushoto, naye akamfuata. Mzunguko wa kwanza bado yuko nyuma yake. Wa pili wanatazamana ng'ambo na ng'ambo ya duara. Wa tatu, yule adui anaonekana kwenye kioo cha nyuma.

"Kaka, mbona inatetemeka?"

"Umevuta sana, mdogo wangu. Legeza."

"Nikilegeza ananipiga!"

"Ukivuta unaanguka, halafu anakupiga. Shusha pua, nyoosha, kimbia. Wewe una mbio."

Hakulegeza. Ndege ikabiringika upande mmoja, ikaanza kujizungusha, na kulikuwa na mita 300 tu hadi ardhini.

Tulilianzisha pambano lilelile upya. Safari hii aliposhindwa kumpata kwenye robo ya kwanza ya kona, akaacha. Akanyoosha mabawa, akashusha pua kidogo, akaenda moja kwa moja mpaka umbali ukawa mkubwa, akapanda taratibu, akageuka akiwa juu. Mwitaliano alikuwa bado anahangaika kupanda huko chini. Akashuka kutoka juu, akapiga, akapita, akapanda tena. Mara ya tatu ndege ya adui ikatoa moshi. Hilo ndilo fundisho lote la kupigana ukiwa na ndege yenye mbio: shuka, piga, pita, panda. Usikubali kuzungukana na anayejua kuzunguka kuliko wewe.

Pambano hilo la Hurricane na CR.42 sikulichagua kwa kubahatisha. Mwanzoni mwa 1941 Hurricane za Afrika Kusini zilitoka Kenya kupambana na CR.42 za Italia katika anga la Somalia na Ethiopia. Tatizo la kijana wa Chalinze ndilo walilokuwa nalo marubani wale, jirani kabisa na kwetu. Ukilipanga kwenye gemu jioni moja, ukabadilishana ndege na mwenzako, mkaona kila upande unavyofikiri, mtajifunza kuliko kukaa mwezi mzima mnakimbizana bila mpango. Aliye kwenye CR.42 naye ana lake la kufanya: asimkimbize mwenye mbio, amngoje ashuke, na sekunde ile adui anapokaribia kupiga amgeukie ghafla, ili adui apite bila shabaha.

Hayo yote hayana maana kama huoni. Marubani waliopona vita hizo wamesema mara nyingi kwamba wengi walioangushwa hawakumwona aliyewaangusha. Erich Hartmann wa Ujerumani, anayehesabiwa kuangusha ndege 352, aliifupisha kazi yake kwenye hatua nne: kuona, kuamua, kushambulia, kuondoka. Ya kwanza ni kuona, na ya pili bado si kupiga. Kwenye gemu, chagua vitufe vya kutazama kabla ya kuchagua kitufe cha risasi. Kimoja cha kutazama nyuma kushoto, kingine nyuma kulia, kingine juu. Mwenye kamera kwenye laptopu anaweza kutumia opentrack, programu ya bure inayofuata kichwa chako, ukigeuza uso kidogo na rubani anageuza. Zoea mpangilio mmoja: mbele, kushoto, nyuma, juu, kulia, chini, kisha saa na vipimo kwa nukta moja, unaanza upya. Laza ndege upande mmoja kila baada ya muda ili uone chini ya tumbo lake, maana hapo ndipo usipopaona. Na jua likiwa nyuma ya mtu, mhesabie kuwa yupo hata kama humwoni.

Hatari kubwa kuliko zote inakuja dakika ile unapokaribia kushinda. Macho yanagandia kwenye ndege moja inayotoa moshi, masikio yanaziba, na dunia yote inakuwa ule mkia. Tarehe 20 Aprili 1941, juu ya Athens, Dahl alikuwa miongoni mwa marubani wa Hurricane wachache waliopaa kukabili kundi kubwa la ndege za Kijerumani. Siku hiyo aliuawa Pat Pattle, mzaliwa wa Afrika Kusini, anayehesabiwa kuwa mmoja wa marubani hodari kabisa wa Uingereza katika vita ile. Alikuwa ana homa. Inasimuliwa kwamba alimwona mwenzake akishambuliwa, akashuka kumwokoa, akamwangusha adui, na waliokuwa nyuma yake wakampata yeye. Kama Pattle aliweza kupigwa akiwa anaangalia mbele, mimi na wewe lazima tugeuze shingo kabla ya kila shambulio na mara baada yake. Kanuni ninayowapa vijana ni hii: ukiwa unamfuata mtu, usimtazame zaidi ya unavyoweza kuhesabu hadi tano bila kutupa jicho nyuma.

Kuhusu shabaha, wageni wote wana ugonjwa mmoja, wanapiga mbali mno. Hurricane ya Dahl ilikuwa na bunduki rashasha nane mabawani, na risasi zote zilikwisha kwa kupigwa mfululizo wa sekunde 15 hivi. Tena bunduki hizo zilitegwa ili risasi zikutane mbele ya ndege kwenye umbali maalumu, mita mia mbili na kidogo. Kabla ya hapo zimetawanyika, baada ya hapo zinatawanyika tena. Kwenye gemu nyingi umbali huo unaweza kuupanga mwenyewe. Anza na mita 200. Halafu usubiri. Adui aonekane mkubwa kupita unavyotaka, mabawa yake yajaze duara la shabaha, ndipo ubonyeze, sekunde moja, mbili, uache.

Ikiwa anapita mbele yako kwa ubavu, usimlenge yeye. Chukua mfano wa ndege inayokwenda kilomita 360 kwa saa, yaani mita 100 kila sekunde. Ukiwa mita 300 kutoka kwake, risasi inachukua karibu nusu sekunde kufika, na kwa muda huo amesogea mita 40 na zaidi. Hurricane nzima ina urefu usiofika mita 10. Lazima risasi ziende mahali palipo na urefu wa ndege nne au tano mbele yake, penye hewa tupu. Mkono haukubali kupiga hewa tupu mpaka uzoeshwe. Kwa anayeanza, ushauri wangu ni kuyaacha mashambulio ya ubavuni kabisa na kungoja nafasi ya nyuma, kwa chini kidogo, ambako kulenga mbele kunahitajika kidogo tu.

Na ukiwa wewe ndiye uliyeonwa? Kama yuko mbali, usigeuke mapema, maana utampa nafasi ya kukata kona ndani yako. Endelea kujenga kasi. Akifika karibu na kupiga, geuka kwa nguvu kumwelekea, upande ule anakotoka, ili kona yake iwe kali kuliko anavyoweza. Akipita, usimfuate juu kama huna kasi. Huo ni mtego wa zamani: wewe unapanda mpaka unaishiwa, yeye anakugeukia ukiwa umening'inia. Mpungie mkono kwa moyo, elekea nyumbani. Kurudi kiwanjani na ndege nzima ni ushindi, na kwenye gemu yenye uhalisia ni ushindi unaohesabika.

Mambo mengi niliyoyaandika hapa hayakuanza na kompyuta wala na Hurricane. Mwaka 1916, katika Vita Kuu ya Kwanza, rubani wa Kijerumani Oswald Boelcke aliandika kanuni chache kwa ajili ya marubani wapya: pata kimo na jua kabla ya kushambulia, pigia karibu, shambulia kwa nyuma, usimwondolee macho adui, anayekushukia mgeukie, na msishambulie wengi ndege moja. Kanuni hizo zinafundishwa hadi leo. Mmoja wa marubani aliowachagua mwenyewe kujenga kikosi chake, pamoja na Manfred von Richthofen, alikuwa mtu mzima wa miaka 37 aitwaye Erwin Böhme. Na Böhme alitoka huku kwetu. Kabla ya vita aliishi Afrika Mashariki ya Kijerumani kwa miaka sita akiwa mhandisi, akisimamia ujenzi wa njia ya nyaya ya kushusha magogo kutoka milima ya Usambara, upande wa Shume, hadi reli ya Tanga. Magogo yalifikia Mkumbara. Basi lako likitoka Chalinze na kupita Segera, Korogwe na Mombo, muda si mrefu utapita Mkumbara, na ukuta ule wa mlima mkono wa kulia ndio Böhme alioupimia nyaya zake.

Tarehe 28 Oktoba 1916 Boelcke na Böhme walikuwa wakimfukuza Mwingereza mmoja kwa pamoja. Ndege nyingine ya Kiingereza, iliyokuwa ikifukuzwa na Richthofen, ikakatiza mbele yao. Boelcke akakwepa. Magurudumu ya ndege ya Böhme yakagusa bawa la juu la ndege ya kiongozi wake. Mguso tu. Boelcke, aliyekuwa na ushindi 40 na ambaye hakuna adui aliyemweza, akaanguka na kufa. Aliyeandika kwamba wengi wasiifuate ndege moja aliuawa kwa wawili kuifuata ndege moja. Böhme alibeba huzuni hiyo mpaka naye alipouawa Novemba 1917.

Nchi yetu ina kisa chake kinachouma kwa namna hiyohiyo. Kutoka Chalinze kuelekea Morogoro, ukifika Ubena Zomozi kuna njia inayoingia Ngerengere, kwenye kituo cha jeshi letu la anga, na watu wa upande huu wamezoea kusikia ndege kabla ya kuziona. Miaka ya 1970 Tanzania ilipata ndege za MiG-21. Vita vya Kagera dhidi ya Uganda vilipoanza, mwishoni mwa 1978, MiG zetu tatu ziliangushwa upande wa Musoma, na walioziangusha ni askari wetu wenyewe wa kutungua ndege, waliodhani ni za Idi Amin. MiG-21 ikipita kwa kasi haikupi muda wa kusoma alama ubavuni, na Uganda nayo ilikuwa na MiG.

Kwenye gemu kosa hilo linatokea kila jioni, na wachezaji wanacheka. Mimi silichekei. Ninawataka vijana wajifunze maumbo ya ndege kabla ya kuingia kwenye mapambano ya wengi: mabawa yamekaa juu au katikati, ncha zake ni za duara au zimekatwa, pua ni butu au imechongoka, mkia una umbo gani ukiutazama kwa nyuma. Chora kwenye daftari kama lazima. Usipojua ni nani, usipige. Pita karibu, tazama, jiweke mahali pa usalama, kisha uamue.

Na kama mko wawili, fanyeni kazi kama wawili. Mmoja anashambulia, mwingine anakaa juu na nyuma akilinda mkia wa mwenzake, bila tamaa ya kupiga. Mwongee kwa sauti, kwa maneno mafupi mliyokubaliana: "naingia," "natoka," "uko salama," "nyuma yako, kata kushoto!" Anayetoka aseme anatokea upande gani, juu au chini, kabla mwingine hajaingia, na zamu zibadilike hapo tu. Mlinzi akiona adui wa tatu anakuja, aliyeko kwenye shambulio anaacha palepale hata kama bado risasi moja tu. Jioni ya kwanza ya pamoja acheni adui kabisa. Rukeni ubavu kwa ubavu mkiachana mita 200, geukeni kushoto na kulia, peaneni zamu ya kutangulia, kila mmoja akitangaza kona kabla ya kuikata, kisha tueni mmoja baada ya mwingine. Mkiweza kufanya hivyo mara tatu bila kugusana wala kupotezana, pangeni CR.42 moja mbele yenu na muanze.